Kapu la Ghorofa ya Nne

Ghorofa ya nne,
Mtaa wa Mchikichi,
Kariakoo,
Dar es Salaam.

18 Agosti 2023

Mpendwa dada Badria,

Assalaam alaikum, na shikamoo dada. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto, na kwamba joto la Maskati limewahurumia kidogo mwaka huu. Goti lako linaendeleaje? Mara ya mwisho uliniambia linakuuma ukisujudu. Na mama mkwe wako hali yake vipi? Mungu amfanyie wepesi. Mimi ni mzima. Kifua hakijanibana hata siku moja tangu mama atutoke, na nina maneno ya kusema juu ya kifua changu, subiri tu.

Utashangaa kupata karatasi zama hizi. Nimeamua kuandika kwa sababu ukipiga simu unazungumza wewe na mimi naitikia, na ukituma sauti unamalizia "nijibu haraka niko jikoni". Barua haikatwi kauli. Ipo na sababu ya pili iliyonifanya nimtafute mtu wa kuibeba kwa mkono, hiyo nitakuambia mwishoni. Amekuja nayo Salma wa ghorofa ya pili, yule anayefuata mabuibui huko. Mpe chai, usimhoji. Hajui nilichoandika.

Nianze na siku aliyofariki mama, kwa kuwa nyote mmeshahadithiana habari ile na mimi niliyekuwapo hakuna aliyeniuliza.

Unalikumbuka kapu. Ulipokuja kwenye harusi ya kaka Mbaruku ulilicheka, ukalipiga picha ukawaonyeshe watu wa Maskati: kapu la ukili lenye kamba, linashushwa kutoka roshani yetu mpaka kwa wauzaji wa chini. Ulisema linapendeza. Hukuuliza kwa nini mtu mzima mwenye miguu miwili anunue vitunguu kwa kamba. Ngazi zipo, Badria. Zilikuwapo siku zote.

Usichokijua ni kwamba sikuruhusiwa hata kuita. Mama alisema sauti ya mwanamke haipigwi barabarani. Basi tukitaka vitunguu nilitia kapuni ganda la kitunguu pamoja na hela. Tukitaka ndimu, natia ndimu iliyokamuliwa. Tukitaka dagaa, kichwa cha dagaa. Nagonga chuma cha roshani kwa kijiko, wa chini anachungulia kapuni, anaelewa, anatia, mimi navuta. Miaka yote hiyo mtaa mzima haukuwahi kusikia sauti yangu, na mimi watu wa mtaani niliwajua kwa utosi. Huyu kipara kinang'aa, huyu anafunga kilemba cha kitenge, yule ana kovu katikati ya nywele. Nyuso zao sikuzijua.

Mama alifariki baada ya alfajiri, masika yakimwagika tangu jana yake. Nilimwamsha kwa uji, hakuitika. Nilimgusa nikajua. Nikampigia Mbaruku. Alilia, kisha akasema, "Sitara, kaa hapo hapo. Usimfungulie mtu mlango mpaka nifike." Yeye yuko Magomeni na Jangwani kulikuwa kumejaa maji, barabara imefungwa. Hakufika mpaka adhuhuri imekaribia.

Nikakaa. Mtu wa miaka arobaini na moja, nimekaa kitako karibu na maiti ya mama yangu namsubiri kaka aje kunipa ruhusa ya kufungua mlango. Ufunguo wa geti la mlangoni ulikuwa palepale ulipolala siku zote, kwenye pindo la kanga ya mama, umepigwa fundo. Sikuthubutu kulifungua. Hata amekufa nilikuwa bado namwogopa.

Nikafanya nilichozoea kufanya kila ninapohitaji kitu. Nilichukua kapu. Nilisimama nalo muda mrefu sijui nitie nini, maana nilichokuwa nakitaka hakina ganda wala kichwa. Mwisho nilitia miwani ya mama, ile ya kusomea msahafu. Niliona mtu yeyote akiiona ataelewa kuwa mwenyewe haihitaji tena. Nikagonga chuma, nikashusha.

Chini kuna Winifrida, Mchaga wa Rombo, anauza vitunguu saumu, tangawizi na ndimu kwenye meza iliyo sawasawa na roshani yetu. Ndiye mwenye kilemba cha kitenge. Alichungulia, akaitoa miwani, akaigeuzageuza. Kisha akamwita muuza miwani anayetembeza. Wakashauriana pale mvuani chini ya turubai, wakatia, wakavuta kamba kuniashiria. Nilipovuta, nikakuta miwani ya mama na nyingine tatu za kuchagua. Moja ilikuwa ya jua.

Nilicheka, Badria. Mungu anisamehe, mama amelala ndani amefunikwa shuka na mimi nimesimama roshani na miwani ya jua mkononi nacheka mpaka machozi yananitoka. Kisha kicheko kikaisha, machozi yakabaki.

Ndipo nikainama juu ya chuma nikapiga ukelele. "Mama amekufa!"

Sauti ilinitoka mbaya, ya kukwaruza. Nikarudia. Watu wangu wote wa utosi wakainua nyuso, mtaa mzima, mvua inawapiga machoni, wananitazama. Yule wa kipara akavua kofia aliyokuwa ndiyo kwanza ameivaa. Winifrida aliacha meza yake bila hata kuifunika, akapanda ngazi zote nne, akafika akaligonga geti letu kwa kiganja. "Fungua, dada. Fungua nikushike."

Nikarudi ndani nikalifungua lile fundo. Mama alikuwa amelikaza kweli, nilitumia meno.

Sasa nakuja kwenye jambo linalonichoma mpaka leo, na nalisema kwako kwa kuwa nawe umo. Ndugu walipofika, nilisema nitamwosha mama. Shangazi Shamsa alinishika bega. "Wewe kaa ndani mwanangu. Moyo wako mdogo, utatuangukia." Mbaruku alikuwa amekuweka kwenye simu kwa sauti kubwa ili nawe uwepo. Na wewe ukasema, "Msimruhusu jamani, kifua kile." Nilikusikia. Nilikuwa nimesimama nyuma ya pazia.

Mwili ule, Badria, nilikuwa nauogesha mimi. Tangu alipopooza upande, kila asubuhi na kila jioni, beseni, sabuni, taulo, mafuta ya nazi. Nalijua kovu la kuungua lililo kwenye paja lake. Nilimgeuza, nilimfuta, nilimbadilisha, na sikuanguka hata siku moja. Wakati huo hakuna aliyekumbuka moyo wangu ni mdogo. Lakini josho lile la mwisho, ambalo ni haki ya binti kwa mama yake, niliondolewa kama mtoto anayeondolewa kwenye maji ya moto. Niliwekwa chumba cha ndani nikasikia maji yakimwagika. Nikamsikia mmoja anasema mkono huu haunyooki. Nilijua ni upi. Nilitaka kupaza sauti kwamba ule hauvutwi, unakandwa kwanza begani, taratibu, ndipo unalegea. Sikupaza. Sauti yangu ya siku ile ilikuwa imeshakwisha roshani.

Winifrida hakuwa na ruhusa ya kuingia wanakoosha kwa kuwa si Mwislamu, kwa hiyo alikaa na mimi. Kitenge kimemlowa, ananuka vitunguu saumu kuanzia vidole mpaka kwenye kilemba. Hakuniambia nivumilie. Hakuniambia kazi ya Mungu haina makosa, ambalo ni neno la kweli lakini nilikuwa nimeshaambiwa na watu wengi. Aliniuliza, "Unaitwa nani? Miaka yote nakuuzia, jina lako silijui." Nikamwambia. Akalirudia mara kadhaa kwa lafudhi yake, kama mtu anayejaribu kiatu.

Jioni mama akazikwa Kisutu, wanaume wakaenda, sisi tukabaki na sufuria. Matanga unayajua, nisikuchoshe. Watu walikula, walisoma, walilia, wakasahau viatu mlangoni, wakaondoka. Wa mwisho kutoka alikuwa Mbaruku. Alichukua ule ufunguo kutoka kwenye kanga ya mama iliyotundikwa, nilikoufunga tena, akasema, "Nitakuwa nakuja na mahitaji. Kariakoo hii ina wezi, na wewe huijui." Akatoka. Nikasikia geti linafungwa kwa nje.

Nikuambie nilifanya nini? Nilikwenda kuosha vyombo. Sikuona ajabu yoyote. Kwangu geti lilikuwa kitu cha kufungwa na mtu mwingine, alikuwa mama, sasa amekuwa kaka. Kila Ijumaa akaja na mchele na kuku, akaketi kidogo, akaniuliza kama nimesali, akafunga akaenda. Nikamwambia Mungu amlipe.

Kilichonizindua ni upuuzi tu. Siku moja nimeshusha kapu kutaka tangawizi, na siku hizo nilikuwa nimeshazoea kusema na Winifrida kwa sauti, yeye chini mimi juu, wapita njia wanatucheka. Akaniita, "Sitara, shuka basi tunywe chai, siku nzima uko juu kama antena!"

Nikamjibu, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Siwezi, kaka kaenda na ufunguo."

Akaacha kutia tangawizi kapuni. Yule wa kipara akainua uso. Wateja wawili waliokuwa wanachagua ndimu wakaacha kuchagua. "Kaka yako kakufungia?" akauliza Winifrida. "Kwa nje?"

Nilitaka nimtetee Mbaruku. Nilikuwa nimelisema jambo lile mbele ya watu, mchana kweupe, na kulisikia mwenyewe masikioni mwangu lilikuwa ni aibu. Nilirudi ndani nikakaa chini jikoni. Nilikasirika, Badria. Ni kitu ambacho sikukizoea, nilidhani naumwa. Nilikaa nasubiri kifua kinibane kama alivyokuwa akinionya mama, kwamba hasira itaniua. Hakikubana. Nilivuta pumzi mpaka chini kabisa, na zikaja zote.

Hapo ndipo niliposema nitakuja kwenye kifua changu. Pumu niliugua utotoni, na wewe ndiye uliyekuwa ukinipepea, sijasahau. Iliisha kabla sijavunja ungo. Lakini wewe ulipoolewa ukaenda zako, mama alilia mwezi mzima, kisha ile pumu ikarudi, haikurudi kwangu, ilirudi mdomoni mwake. Sitara hawezi vumbi. Sitara hawezi moshi. Alipokuja yule mwalimu wa Buguruni kuniposa, mama alimwambia sina kifua cha kuzaa. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia lilelile. Nilimwamini, ndilo linaloniuma. Nilitembea ndani ya nyumba polepole kama kikongwe nikiwa na miaka ishirini na tano.

Usinielewe vibaya. Nampenda mama na namlilia. Usiku nikigeuka nasikia kama ananiita nimgeuze na yeye. Na nimemkasirikia kiasi kwamba siku nyingine nashindwa kumsomea. Yote mawili yapo, sijui ya kuyafanya nini, nayabeba hivyohivyo.

Winifrida alimleta fundi vitasa, anaitwa Benedict, ndiye huyohuyo mwenye kipara, anauza makufuli kwenye kona. Kutoka juu nilidhani ni pande la mtu. Kumbe huwa anasimama juu ya kreti ya soda ili aonekane na wateja, mwenyewe ananifika begani. Alikata kile kitasa kwa nje, mimi nimesimama kwa ndani nashika geti lisitikisike. Akaweka kipya. Aliponipa funguo alisema, "Hizi zako. Usimpe mtu kwa sababu kakuomba vizuri."

Nikashuka. Viatu vya kutokea nilikuwa na jozi moja, ya kumpelekea mama hospitali. Walinitazama wote, na mimi nikawa nawatazama vibaya, maana nyuso zao hazikuniambia kitu. Nilimwomba Winifrida ainamishe kichwa kidogo ili nihakikishe ni yeye. Alicheka mpaka akashika meza.

Halafu akanipa stuli na chai ya tangawizi, na akaniuliza jambo. Aliniuliza kwa nia njema, alikuwa anataka tu kumaliza ubishi wao wa siku nyingi. "Sisi hapa chini tulikuwa tunaona mkono tu," akasema. "Tukajua huyo ni dada wa kazi wa yule bibi. Tukawa tunakuhurumia, tunasema dada huyu hapewi hata siku ya mapumziko. Kwani siku ile ya msiba ulisema mama, ulikuwa unamwita tu, au ni mama yako kweli?"

Nilimjibu kwa ukali. Nilimwambia mimi ni binti wa nyumba hii, kiwanja hiki kabla ya ghorofa kilikuwa nyumba ya babu yangu. Akaomba radhi. Nikanywa chai yangu. Lakini neno lile halikunitoka, na nitalirudia.

Usidhani nimepata malaika. Winifrida ana mdomo. Ananisema mbele za watu kwamba najua kusoma ila sijui kuvuka barabara. Mara ya kwanza kwenda peke yangu kununua chumvi nilipotea, mitaa miwili tu kutoka nyumbani, nikazunguka nalia chini ya buibui kwa sababu jengo letu sikuwahi kulitazama kutoka chini, sikujua sura yake. Nililitambua kwa kapu, lilikuwa linaning'inia. Yeye hadithi hiyo ameshaisimulia kwa mtaa mzima. Lakini asubuhi akichelewa kuniona roshani anaita. Hakuna mtu, tangu nizaliwe, aliyewahi kuniita ili nitoke nje.

Sasa napika vitumbua, vile vya mama vya hiliki. Nakaanga alfajiri, natia kwenye ndoo, nashusha kwa lile kapu, Winifrida anauza mezani pake. Mchana nashuka, namenya vitunguu saumu, nasikiliza ugomvi wa Yanga na Simba usio na mwisho. Vidole vyangu vinanuka na havisafishiki. Sijawahi kuwa na harufu ya kazi ya kwangu mwenyewe.

Mbaruku alinikuta hapo. Alikuwa amepanda na kuku wake, ufunguo umekataa, akashuka amekunja uso, na mimi huyo nimekaa kwenye stuli na bakuli la maganda mapajani. "Umetuaibisha," akasema. "Mama hajamaliza hata mwaka, unakaa barabarani unamenya vitunguu na mama wa Kichaga." Nilimkaribisha chai. Hakunywa. Winifrida alimkaribisha pia, akamwita shemeji, nadhani kwa kumchokoza.

Alinipandisha juu, akaniambia mliyokwisha kuyapanga. Kwamba yeye ndiye aliyechaguliwa na ukoo kusimamia mirathi. Kwamba kuna mfanyabiashara anataka ghorofa yetu iwe stoo ya mabegi. Kwamba wewe umeshakubali nije Maskati, viza inashughulikiwa, na imebaki wewe kutia sahihi karatasi ya ghorofa atakayokutumia. Nikamuuliza, "Mimi mmeniuliza lini?" Akasema, "Sitara, tunakuhangaikia."

Uliponipigia baada ya hapo, ulisema kwa furaha kwamba nitapumzika, nitakuwa na mwenzangu wa kuongea naye, chumba kimeshaandaliwa. Chumba kimoja na mama mkwe wako. Ambaye tangu Rajabu hajiwezi, hageuki, na msichana wenu wa kazi ameondoka. Wewe hukuliweka hivyo, uliniambia kila jambo kwa simu yake na siku yake. Mimi ndiye niliyeyaweka pamoja, nikiwa hapa jikoni na unga mikononi.

Dada, mimi kumwosha mgonjwa sioni kinyaa. Ungeniambia, "Sitara, nimeelemewa, goti linaniua, njoo unisaidie mdogo wangu," huenda ningekuja mbio. Lakini umeniambia njoo upumzike. Wewe ambaye ulisema kifua changu hakiwezi kumwosha mama yetu amekufa, unakiona kinaweza kumwosha mama wa mtu mwingine akiwa hai, mpaka lini, Mungu ndiye ajuaye. Nataka kujua ni kifua gani hicho.

Sasa ombi langu, na ndilo nililokuwa nalizunguka. Usitie sahihi. Shekhe amenieleza, wala si siri: Mbaruku ana nusu, mimi na wewe tuna nusu iliyobaki. Peke yangu mimi ni robo, atanizidi. Tukiwa pamoja tunalingana naye, na hapa hapawi stoo. Sitaki ugombane naye. Mwambie tu hapana, neno fupi, useme na mimi nisikie, kama ulivyosema siku ile ya josho. Ukitia sahihi, nitatolewa, sina nguvu ya kesi, nitachukua sufuria zangu nitafute chumba Buguruni. Ila Maskati siji.

Na lile swali la Winifrida nakuachia wewe. Mimi nilimjibu kwa ukali, lakini kila nikikumbuka beseni, na pazia, na geti, na chumba chako kilichoandaliwa, nashindwa kujua nilimkasirikia nini. Waliniona kutoka chini, mkono tu, wakasema huyo ni dada wa kazi. Wewe ulinijua kwa jina na sura na damu. Niambie, Badria, walikosea?

Nisalimie shemeji sana. Watoto wabusu, mwambie Abdulkadiri picha yake ya kuhitimu nimeibandika karibu na ya mama. Mama mkwe mpe salamu zangu, na mwambie msichana yeyote mtakayempata kwamba mkono uliopooza unakandwa begani kabla ya kuvutwa. Shangazi Shamsa hajambo, hajapanda ngazi tangu hitma, nadhani Mbaruku amemwambia nimeharibika. Winifrida anakusalimu ingawa hamjuani. Anasema una dada mkaidi.

Ile sababu ya pili ya kuituma kwa mkono ni hii. Shika bahasha uipapase, kuna kitu kimebanwa kwa gundi kwenye kona. Ni ufunguo. Benedict alinichongea funguo tatu. Mmoja ninao mimi shingoni, mmoja anao Winifrida, na huu ni wako. Mbaruku hana. Kitu hiki hakitumwi kwa simu, ndiyo maana nimemsumbua Salma.

Ukitia sahihi, uutupe baharini huko huko, utakuwa haufungui kitu. Usipotia, basi siku ukija usisimame chini kulipiga picha kapu. Panda ngazi, fungua mwenyewe. Na mimi siku hiyo nitakanda goti lako, bila kuombwa.

Mungu akuhifadhi, akupe wepesi, na akupe na ujasiri kidogo, maana kwetu sisi watoto wa mama yule ulikuwa haba.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata hivi nilivyokasirika,

Sitara